Mto Enyau na Mpaka Uliochorwa kwa Maji

Ramani nyingi za Afrika Mashariki huonyesha Mto Nile kwa mstari mnene wa buluu, lakini Mto Enyau hauonekani kabisa. Enyau ni mto mdogo unaopita kandoni mwa mji wa Arua, na maji yake huishia katika Nile. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba historia ya Nile Magharibi haieleweki vizuri bila mito midogo ya namna hii, kwa sababu mwelekeo wa maji yake ndio uliotumiwa kuamua nani awe Mganda na nani awe Mkongo.

Tuanze na jiografia. Arua iko juu ya nyanda zilizoinuka, kilomita chache tu kutoka mpaka wa Kongo. Mvua inayonyesha Awindiri hushuka mabondeni upande wa mashariki, huingia Nile, hupita Juba na Khartoum na kufika Bahari ya Kati. Mvua hiyohiyo ikinyesha ng'ambo ya kilele cha nyanda hizo, upande wa Aru, hufuata Mto Kibali hadi Uele, kisha Ubangi, kisha Kongo, na kumwagika katika Bahari ya Atlantiki. Mstari wa juu unaotenganisha maji hayo huitwa mgawanyo wa maji.

Wazungu waliujua mstari huo polepole. Mwaka 1870 Mjerumani Georg Schweinfurth alifika Mto Uele, akaona maji yanakwenda magharibi, akatambua kuwa ameshatoka katika bonde la Nile. Miaka 24 baadaye maarifa hayo yakawa chombo cha siasa. Tarehe 12 Mei 1894, mjini Brussels, Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II ardhi ya magharibi ya Nile, na mgawanyo wa maji ukatajwa kuwa mpaka. Sehemu iliyoitwa Lado, ambamo Arua imo leo, alipewa kwa muda wa maisha yake tu. Leopold alifariki Desemba 1909, na Juni 1910 Lado ikakabidhiwa kwa utawala wa Sudani. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda. Mwaka 1915 Uingereza na Ubelgiji zikakubaliana tena kuhusu mpaka, na mgawanyo wa maji ukabaki kuwa msingi wake kwa sehemu kubwa.

Wenyeji hawakuipima nchi yao kwa njia hiyo. Masimulizi ya Walugbara, yaliyoandikwa na mwanaanthropolojia John Middleton katikati ya karne ya 20, yanawataja mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, na kuwaunganisha na milima ya Liru na Eti. Kwao milima ilikuwa alama ya asili moja. Kwa watawala, mwinuko wa nchi ulikuwa alama ya kutengana. Ndiyo maana Walugbara wako Arua na wako Aru pia, na katika soko la Arua Kilugbara, Kiswahili na Kilingala husikika pamoja.

Mpaka huo ulileta tofauti nyingine ambayo haitajwi sana. Mwaka 1929 Uingereza iliiahidi Misri kwamba, katika nchi ilizozitawala, hapatajengwa kazi za umwagiliaji au umeme juu ya Nile na matawi yake zitakazoidhuru Misri, bila kibali cha Misri. Kwa maneno hayo, hata mto mdogo wa Arua uliingia katika mkataba. Kijito cha upande wa Aru, kilichokwenda Kongo chini ya Wabelgiji, hakikuhusika. Majirani wenye lugha moja na mvua moja wakawa na sheria mbili za maji. Uganda huru iliukataa mkataba huo, na mwaka 2010 mkataba mpya wa ushirikiano ulianza kutiwa sahihi Entebbe.

Leo Enyau ni chanzo cha maji ya bomba ya Arua, ambayo ilipata hadhi ya jiji mwaka 2020. Kiangazi kikija mto hupungua, wakati watu wanaoutegemea wanazidi. Hapa mpaka wa zamani unatupa somo la kazi. Kwa kuwa mpaka unafuata mgawanyo wa maji, Enyau haupokei maji yake kutoka nchi nyingine. Miti ikikatwa na maeneo oevu yakilimwa hadi ukingoni mwa vijito vyake, hatuna jirani wa kumlaumu ng'ambo. Mikataba ya Nile hujadiliwa Entebbe, Kairo na Addis Ababa, lakini uhai wa Enyau unategemea mabonde yaliyo ndani ya Nile Magharibi yenyewe. Naona wanafunzi wa historia wa huku wangeanza kuisoma Nile hapo, kwenye vijito wanavyovivuka kila siku.