Kinachopita na Kinachoshuka: Kwenye Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji

Mfuko wa barua za David Livingstone ulitoka Unguja ukiwa na tarehe ya 1 Novemba 1870 juu yake. Ulivuka hadi Bagamoyo, ukalala hapo miezi kadhaa pamoja na msafara uliopewa kazi ya kuupeleka bara, kisha ukafika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ukakwama tena. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Vita vyake na Waarabu wa Tabora, vilivyowaka mwaka 1871, viliwafanya wapagazi wasithubutu kuelekea magharibi. Henry Morton Stanley ndiye aliyeuchukua mfuko ule, akazunguka nao kwa upande wa kusini, na Livingstone akazipokea barua zake Ujiji mwezi Novemba 1871.

Mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo barua hazikuwa safarini hata kidogo. Zilikuwa zimewekwa mahali, zikimngoja mtu wa kuzisogeza mbele.

Nimeifuata njia hiyo vipande vipande, kwa basi na kwa treni, kwa sababu ya swali ambalo haliniachi: kwa nini leo habari inatoka Dar es Salaam na kufika Tabora kufumba na kufumbua, halafu inashindwa kumaliza kilomita chache zilizobaki hadi kijiji cha jirani?

Njia yenyewe ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 hivi. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliipita kati ya 1857 na 1858, lakini Wanyamwezi walikuwa wakiijua kabla yao, wakishuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, begani au kichwani. Katika mizigo hiyo kulikuwa na kitu ambacho kilinisimamisha nilipokuwa nasoma orodha za zamani: nyaya. Makoja ya waya wa shaba, masango, yalibebwa hadi bara yakakatwa vipande, yakageuzwa bangili na vikuku. Waya ulifika vijijini muda mrefu kabla haujabeba neno la mtu, na ulishuka kila mahali msafara ulipotua.

Hapo kwenye kutua ndipo penye kiini cha jambo. Msafara wa watu mia kadhaa ulikula. Ulikunywa. Ukifika Ugogo, nchi kavu, visima vilikuwa na wenyewe, na mtemi aliyevimiliki alijua thamani yake. Alidai hongo, ambayo siku zile ilikuwa ushuru wa kupita, na mazungumzo yake yaliweza kuchukua siku nzima au zaidi: doti kadhaa za merikani, kaniki kidogo, koja la waya, kisha mjumbe anarudi kusema mkubwa hajaridhika na nguo inapimwa upya mbele ya wazee, mkono kwa mkono. Wasafiri wa Kizungu wameandika malalamiko mengi kuhusu Wagogo. Mimi nikisoma malalamiko yale naona watu waliokuwa na akili timamu. Utajiri ulikuwa unapita uwanjani kwao, nao walihakikisha sehemu yake inabaki. Mbele yao kulikuwa na Mgunda Mkali, pori la siku nyingi lisilo na chakula, kwa hiyo hapakuwa na mpita njia wa kujifanya haoni. Alinunua mtama, akanunua maji, akalipa.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Haikuufuata mguu wa wapagazi sawasawa. Mpwapwa, iliyokuwa kituo kikubwa cha misafara, iliachwa pembeni, reli ikapita Gulwe. Kilimatinde, penye boma la Wajerumani, pakapoa huku Dodoma ikikua. Mpwapwa na Kilimatinde ukizipita leo unaona wazi jinsi kuhamishwa kwa njia kwa kilomita kadhaa kunavyoweza kuamua hatima ya watu kwa karne nzima.

Hata hivyo treni ya mvuke nayo ilikuwa na kiu. Injini ilihitaji maji na kuni, ikabidi isimame, na iliposimama watu walikuja. Saranda ikajulikana kwa chakula, Itigi kwa asali, na stesheni ndogo ambazo majina yake huyajui mpaka treni isimame zikawa na mama wa kuku wa kuchoma na kijana wa birika la chai. Mvuke ulipokwisha na dizeli ikashika nafasi, desturi ya kusimama ilikuwa imeshaota mizizi.

Pembeni mwa reli zilisimama nguzo za simu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa tabia mpya. Unguja ilikuwa imeshaunganishwa na dunia kwa waya wa telegrafu wa chini ya bahari tangu 1879, miaka minane tu baada ya mfuko ule kufika Ujiji. Waya ulipoingia bara ulipita juu ya vichwa vya watu, kutoka boma hadi boma, kutoka stesheni hadi stesheni. Haukuwa na kiu. Mkulima aliyelima chini yake hakuwa na chochote ambacho waya ulikihitaji, wala yeye hakuwa na mlango wa kuuingilia.

Mkongo wa mawasiliano wa leo umerithi tabia hiyo, tena kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, wa EASSy ukafuata 2010, na wakati huohuo serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, ambao awamu zake mbili za kwanza zilizidi kilomita 7,000 na kufika mipaka ya nchi jirani. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Bila mkongo, benki, hospitali na vyuo vya bara vingekuwa bado vinategemea setilaiti ya bei mbaya. Lakini uzi wa kioo mwembamba kama unywele, unaobeba mwanga, huhitaji kuongezewa nguvu kila baada ya makumi ya kilomita tu. Vijiji vilivyo katikati hauvihitaji kabisa. Ili kijiji kipate kitu, lazima mtu aamue kuukata uzi ule kwa makusudi, auunganishe na mtambo, aweke umeme, ausukume mwanga ule hadi kwenye mnara. Uamuzi huo haulazimishwi na maji wala kuni.

Nimekiona kijiji kimoja magharibi ya Itigi, mwendo mfupi tu kutoka barabara kuu ambako nguzo fupi za alama zinaonyesha mkongo umefukiwa. Wakala wa fedha ana meza yake dukani, lakini mteja akitaka kutoa pesa wanatoka wote wawili wanakwenda kupanda kichuguu nyuma ya ghala, kwa kuwa hapo ndipo simu inaposhika. Wakala ananyanyua mkono, anasubiri ujumbe, wanarudi dukani kuhesabu noti. Mwalimu wa shule ya hapo hupakua mitihani ya majaribio akienda mjini mwisho wa mwezi. Bando ananunua kama wengine wote. Linaisha muda wake kabla hajalitumia.

Hatujakaa bure. Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kampuni za simu huuchangia, nao hutoa ruzuku ya kujenga minara pale ambapo biashara peke yake isingekwenda. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Naiona hii kama hongo ya Ugogo iliyoandikwa upya kisheria: anayepita na mali aache sehemu yake njiani. Wasiwasi wangu ni mmoja. Mnara uliofungwa mbali na mkongo, ukilishwa kwa mawimbi kutoka mnara mwingine ambao nao unalishwa na mwingine, utatoa sauti safi na intaneti ya kujikongoja. Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika baharini, nchi nzima ilionja kwa muda mfupi hali ambayo kijiji kile kinaishi nayo kila siku, na kelele zilisikika kila kona.

Sasa ardhi inachimbwa tena. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na vipande vya kuelekea Tabora na Kigoma viko kwenye ujenzi. Treni ya umeme haisimami kwa ajili ya maji, na stesheni ndogo nyingi za zamani haitazigusa. Mkongo wake wa mawasiliano utalala sambamba na mataruma. Kuacha chemba ya kuunganishia katika kila kata mtaro ukiwa wazi ni gharama ndogo. Kurudi kuchimba baada ya miaka mitano ni mradi mwingine, wenye zabuni nyingine na wafadhili wengine. Halmashauri za Manyoni, Itigi, Sikonge, Uyui na Uvinza zina haki ya kulidai hilo kwa maandishi sasa, kabla kifusi hakijarudishwa.