Sauti Iliyojibanza Kati ya Matundu

Ile 5.1 inayoandikwa kwenye maboksi ya sabufa madukani ilianzia katika majumba ya sinema. Ni hesabu ya njia za sauti: tatu nyuma ya skrini, yaani kushoto, katikati na kulia, mbili za ubavuni mwa watazamaji, na ya besi, ambayo kwa kuwa hubeba sauti nzito peke yake, haikupewa hadhi ya namba kamili.

Kuwazungushia watazamaji sauti hakukuanza na kompyuta. Walt Disney alijaribu mwaka 1940 kwa filamu ya Fantasia, ila mitambo yake ilikuwa ghali mno, ikafungwa katika kumbi chache tu. Dolby Stereo ya miaka ya 1970 ilileta nafuu, na Star Wars ya 1977 ikawashawishi wenye kumbi wengi. Hata hivyo, sauti ilibaki mstari mwembamba uliochapwa kando ya picha, na mkanda ulizidi kukwaruzika kila ulipopita kwenye projekta. Filamu iliyooneshwa sana ilisikika kama kuna mtu anakaanga vitunguu nyuma ya skrini.

Dijitali, yaani sauti iliyogeuzwa kuwa namba, iliahidi kuumaliza mkwaruzo huo. Lakini namba hizo zichapwe wapi? Mkanda una upana wa milimita 35 tu, na tayari picha, matundu ya kuuvutia mkanda na sauti ya zamani vilikuwa vimegawana nafasi.

Mwaka 1990, Kodak na kampuni ya Optical Radiation walikuja na mfumo wao katika filamu ya Dick Tracy. Waliifuta sauti ya zamani, wakaweka namba mahali pake. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipojimaliza: mtambo ukigoma, ukumbi mzima kimya, na ukumbi usio na mtambo huo haukuwa na kazi na mkanda ule. Baada ya filamu chache mfumo ukaachwa.

Dolby hawakugusa cha mtu. Katika Batman Returns ya 1992 walichapa namba kwenye vinafasi vilivyo kati ya tundu na tundu. Ukikitazama kimoja kwa lenzi, utaona mraba wa vinukta, 76 kwa 76, na katikati yake nembo ya Dolby. Miraba 96 hupita kila sekunde. Ikishindwa kusomeka, mtambo hurudi wenyewe kwenye sauti ya zamani.

Terry Beard wa kampuni ya DTS aliiondoa sauti ya dijitali kwenye mkanda kabisa, akaiweka kwenye sidii. Mkandani aliacha vistari vya kuiongoza sidii isipishane na picha. Steven Spielberg akaupenda mfumo huo, na Juni 1993 dinosaria wa Jurassic Park wakanguruma kwa sidii. Mwezi huohuo Sony wakaleta SDDS katika Last Action Hero: njia nane za sauti, zilizochapwa kwenye kingo za mkanda, sehemu inayolika upesi kuliko zote.

Kwa kuwa kila mmoja alikwepa eneo la mwenzake, mkanda mmoja uliweza kubeba alama za mifumo yote mitatu pamoja na sauti ya zamani. Ukumbi ulisoma ule ulioweza kuulipia mtambo. Baadaye Sony waliacha kutengeneza mitambo yao, na DTS wakauza kitengo chao cha sinema mwaka 2008. Kisha filamu zikawa mafaili, na ugomvi wa nafasi ukaisha. Leo mfumo wa Dolby Atmos, ulioanza na filamu ya Brave mwaka 2012, unaweza kuendesha spika hadi 64, nyingine zikiwa darini.