Mkono Uchimbao na Mkono Upimao: Habari ya Vipimo katika Nchi ya Kipushi

Wazazi wengi wa parokia zetu husikia kilio kile kile kila mwaka mtihani unapokaribia. Mtoto asema: "Dini naiweza, historia naiweza, lakini hesabu za maumbo zanishinda. Pembetatu, duara, ujazo, wastani, mambo hayo yametoka Ulaya. Yatanifaa nini?" Katika makala hii twataka kumjibu mtoto huyo, tena si kwa maonyo matupu, bali kwa historia ya nchi yake mwenyewe.

Kipushi ni mji wa machimbo, kilometa 30 hivi kusini-magharibi ya Lubumbashi, mpakani kabisa na Zambia. Ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kwa kujifunza kupima. Katika nchi hii ilipimwa shaba, ukapimwa mpaka, likapimwa na shimo. Na mara zote tatu lilikuwako swali moja kubwa: ni nani aliyeshika kipimo?

MISALABA YA SHABA

Zamani sana, kabla mmisionari yeyote hajafika, wazee wa Katanga walijua kuchimba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba ndani yake. Waliliyeyusha katika tanuru za udongo kwa makaa na mivukuto, kisha wakaimimina shaba katika kalibu. Watu wa kazi hiyo waliitwa "walaji wa shaba", maana shaba ndiyo iliyowalisha. Mhashamu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyefika Katanga mwaka wa 1910, alieleza habari zao katika makala iliyochapwa mwaka wa 1926, akaipa makala yake jina hilo hilo la walaji wa shaba. Hata hapo Kipushi, wapelelezi wa kampuni ya Tanganyika Concessions walipofika mwaka wa 1899, hawakukuta pori tupu. Walikuta mashimo ya wenyeji waliotangulia.

Shaba hiyo mara nyingi ilitengenezwa kwa umbo la msalaba wenye mikono minne. Msomaji asidhani kwamba ulikuwa msalaba wa Bwana wetu. Umbo hilo lilikuwako karne nyingi kabla Injili haijahubiriwa huku. Ulikuwa mali: watu waliutumia katika biashara, wakautoa katika mahari, na wengine wakazikwa nao. Katanga ilipojitenga na Kongo, toka mwaka wa 1960 hata 1963, misalaba hiyo ilitiwa katika bendera yake na katika sarafu zake.

Sasa tazama jinsi hesabu inavyosema habari ambazo hakuna mzee aliye hai awezaye kuzikumbuka. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimbua makaburi ya kale katika miaka ya 1957 na 1958. Baadaye, mwaka wa 1974, Pierre de Maret aliiendeleza kazi hiyo. Waliipima misalaba waliyoikuta, mmoja mmoja, wakaiandika. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ilikuwa ya vipimo mbalimbali. Katika makaburi ya karne za baadaye, toka karne ya 15 hata ya 18, misalaba ilikuwa midogo, tena inafanana kwa ukubwa.

Mwanafunzi atauliza: na ikiwa hivyo, yatuonyesha nini? Tutwae mfano wa darasani. Fungu la kwanza lina misalaba mitano yenye urefu wa sentimita 3, 5, 9, 12 na 21. Jumla ni 50, na ukigawanya kwa 5, wastani ni 10. Fungu la pili lina misalaba ya sentimita 9, 10, 10, 10 na 11. Jumla ni 50 tena, na wastani ni 10 tena. Anayetazama wastani peke yake atasema mafungu haya ni sawa. Lakini si sawa hata kidogo! Katika fungu la kwanza, toka mdogo hata mkubwa kuna tofauti ya sentimita 18, na katika la pili tofauti ni 2 tu. Fungu la kwanza ni vitu vya thamani, kila kimoja peke yake. Fungu la pili ni kama fedha, maana mtu aweza kuhesabu misalaba bila kuupima kila mmoja, naye muuzaji na mnunuzi wakaaminiana.

Kwa njia hiyo wataalamu walitambua kwamba msalaba wa shaba uligeuka polepole kuwa fedha. Basi, mtoto akisema kwamba vipimo vimetoka Ulaya, na aambiwe kwamba mababu wa nchi hii walikuwa na kalibu za kutengeneza vitu vyenye kipimo kimoja kabla ya mita kutungwa huko Ufaransa katika miaka ya 1790.

MSTARI WA MPAKA

Baada ya shaba, nchi yenyewe ilipimwa. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Mfalme Leopold II walipatana juu ya mipaka. Katika sehemu hii mpaka uliwekwa kwenye mgongo wa nchi ugawanyao maji ya Kongo na ya Zambezi. Mvua inyeshayo upande wa Kipushi hufuata mto Kafubu, huingia Luapula, na mwishowe huufikia mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Inyeshayo ng'ambo huenda katika mto Kafue, kisha Zambezi, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi. Matone mawili yaliyoanguka karibu karibu huachana hivyo milele.

Kuandika mapatano mezani ni rahisi, lakini mgongo wa maji hauonekani kwa macho msituni. Ndiyo maana tume ya Waingereza na Wabelgiji ilizunguka huku toka mwaka wa 1911 hata 1914, na kazi ya kuweka alama ikaendelea tena toka 1927 hata 1933. Upande mmoja walihesabu kwa maili, upande mwingine kwa kilometa. Kilometa 30 za kwenda Lubumbashi ni maili 19 hivi, lakini njia ni ile ile.

Wapimaji wa nchi walitumia pembetatu. Siri yao ni hii: ukiujua upande mmoja wa pembetatu na pembe zake mbili za kandokando, waweza kuzipata pande nyingine bila kuzikanyaga. Jaribu mwenyewe. Simama ukingoni mwa mto, uuelekee mti ulioko ng'ambo. Kisha geuka kwa pembe mraba, yaani digrii 90, utembee kwa mstari ulionyoka, ukihesabu mita, hata ufike mahali unapouona mti ule kwa pembe ya digrii 45 na mstari wako. Mita ulizotembea ni sawa na umbali wa toka pale ulipoanza hata kwenye mti. Kwa nini? Kwa sababu pembe tatu za pembetatu hujumlika kuwa 180. Ukitoa 90 na 45 zabaki 45, na pembetatu yenye pembe mbili sawa ina pande mbili sawa. Umeupima mto wala hukulowa maji.

Mafundi wetu wa nyumba nao wana jometri yao. Fundi huchukua kamba, huweka alama ya mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, kisha huvuta hata nafasi iliyo kati ya alama hizo iwe mita 5. Hapo pembe ni mraba kamili. Tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, jumla ni 25, nayo ni tano mara tano. Fundi asiyejua neno "Pythagoras" anatumia kanuni yake kila wiki. Mwanafunzi anayeogopa kanuni hiyo ubaoni na aende amtazame fundi akiweka msingi.

SHIMO LA KIPUSHI

Kazi ya kampuni ya Union Minière ilianza Kipushi mwaka wa 1924, na mgodi ukaitwa Prince Léopold. Mwanzoni mwa 1967 mali za kampuni zilitwaliwa na dola ya Kongo, na baadaye mgodi ukawa wa Gécamines. Kazi ilisimama mwaka wa 1993. Katika muda huo wote yalitolewa mawe kama tani milioni 60, yenye zinki sehemu 11 hivi katika kila mia, na shaba sehemu 7 hivi katika kila mia. Hesabu ya zinki ni nyepesi: 60 mara 11, gawanya kwa 100, jibu ni tani milioni 6.6. Kwa shaba yapatikana 4.2, lakini vitabu vyaandika karibu milioni 4. Je, kuna aliyekosea? Hapana. Gawanya 4 kwa 60, utapata 6.7 katika mia, nayo huandikwa 7 kwa kukadiria. Neno dogo "hivi" lina uzito wake: hapa limebeba tani laki mbili.

Sasa twende kwenye shimo lenyewe. Shimo la Tano la Kipushi lina kipenyo cha mita 8, na kina chake ni mita 1,240. Ni udongo na mawe kiasi gani yaliyoondolewa ili kulifungua? Wengi huharakisha wakazidisha 8 kwa 8. Hapo ndipo wanapoanguka, kwa maana kanuni yataka nusu ya kipenyo, yaani 4. Nne mara nne ni 16, mara 3.14 ni mita za eneo 50.24. Zidisha kwa 1,240, utapata mita za ujazo 62,298 hivi. Aliyetumia 8 amepata 249,190, yaani mara nne ya kweli. Kama angekuwa mkandarasi, angedai malipo ya mashimo manne kwa shimo moja!

Mwaka wa 2011 pampu zilishindwa, na maji yakapanda mgodini hata kufikia kama mita 850 chini ya uso wa nchi. Katika Shimo la Tano peke yake, maji yalisimama kwa kimo cha 1,240 toa 850, yaani mita 390. Zidisha kwa 50.24, ni mita za ujazo 19,594 hivi. Ni karibu madebe milioni moja ya lita 20, bila kuhesabu njia zote za chini zilizojaa pia. Ndipo twaelewa kwa nini ilichukua miaka kuyatoa maji hayo, na kwa nini ni mwaka wa 2024 tu kinu kipya kilipoanza kutoa zinki tena.

NANI ALIYEPIMA?

Wakati wa ukoloni maelfu ya baba zetu walishuka chini ya nchi. Walijua jiwe kwa mikono na kwa masikio. Lakini ramani ya mgodi, uzito wa mawe na hesabu ya faida vilikaa katika meza ya wengine. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1911, wakafundisha vijana kusoma na ufundi. Wabenedikto nao walifungua shule nyingi. Hata hivyo mlango wa sekondari kamili ulifunguliwa kwa kuchelewa. Elimu hiyo ilianza kuenea kwa watoto wa Kiafrika baada ya mpango wa masomo wa mwaka wa 1948. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza mwaka wa 1954, na kile cha Elisabethville mwaka wa 1956. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1960, mkono uliochimba ulikuwa bado haujafundishwa kupima.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Asiyejua kupima huambiwa na wengine amepata kiasi gani, naye hana njia ya kujua kama ni kweli. Tutwae watu watano. Wanne wanapata 10 kila mmoja, na wa tano anapata 110. Jumla ni 150, wastani ni 30. Mkubwa aweza kusimama akasema, "Kwetu mtu hupata 30 kwa wastani," wala hakusema uwongo. Lakini wanne kati ya watano hawajaiona 30 hiyo. Wapange toka mdogo hata mkubwa, umtazame wa katikati: anapata 10. Kijana aliyefundishwa atauliza mara moja, "Na wa katikati anapata ngapi?" Swali hilo moja laweza kuokoa haki ya kijiji kizima. Maandiko Matakatifu yalaani mizani ya hila. Lakini mizani ya hila humdanganya kwanza yule asiyeweza kuisoma.

Tangu wakati ule mambo yamebadilika. Wana wa Katanga wamesoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakashika ramani na vipimo wenyewe. Kazi haijakwisha, kwa kuwa mashimo yamefunguliwa tena, na mikataba huandikwa kwa tani, kwa sehemu katika mia na kwa mita za ujazo.

Basi, wazazi, msimwachie mwalimu mzigo wote. Mpeni mtoto kamba apime kiwanja. Mwacheni ahesabu debe la unga litatosha siku ngapi. Nawe mwanafunzi, ukipewa swali, kwanza chora umbo lake, andika unachokijua, tafuta kinachotakiwa, na mwisho ujiulize kama jibu lako linawezekana. Haba na haba hujaza kibaba, asemavyo Mswahili, na kibaba chenyewe ni kipimo. Mwenyezi Mungu alituwekea shaba chini ya miguu, akatupa na akili ya kuipima. Tusitumie kimoja na kukizika cha pili.