Sauti Walipewa, Udi Wakanyimwa: Wanawake katika Taarabu ya Unguja

Taarabu iliingia Unguja kwa mlango wa kasri. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, ala ya nyuzi, na aliporudi akawafundisha wengine. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, na wapigaji na wasikilizaji walikuwa mabwana. Mwaka 1905 kikaundwa Ikhwani Safaa, chama cha wanaume wa mjini.

Mwanamke aliyeupindua mpango huo hakuwa wa kasri. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata 1880, kwa wazazi waliotokana na watumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu kijiji kwa kijiji, akivitangaza kwa sauti iliyojulikana kabla mwenyewe hajaonekana. Yapata 1911 alihamia mjini. Makao yake yakawa Ng'ambo, mtaa wa maskini na wa waliokombolewa, upande wa pili wa hori ukitoka Mji Mkongwe.

Tusiupite wakati huo haraka. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, lakini masuria walibaki nje ya sheria ile mpaka 1909. Wanawake wa Ng'ambo waliingia katika uungwana wakiwa na kiu ya kuonekana waungwana: walivaa buibui, wakijifunika kwa namna ambayo zamani haikuwa halali yao, na walijiita kwa majina mapya. Mtumwa kuwa Siti ni sehemu ya safari hiyo ya watu wengi.

Siti aliimba Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake, wakarekodi sahani za santuri zilizouzwa pwani nzima na kusikika mbali na Unguja. Wimbo wake "Kijiti" unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa; muuaji alitoroka, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Kwangu mimi hiki ndicho kilele cha kazi yake. Mwanamke wa ukoo wa kitumwa alisimama mbele ya watu akaihukumu mahakama ya wakoloni, na watu wakaujua wimbo kwa moyo. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, alimpa heshima ambayo waandishi wa wakati ule waliwawekea masheikh na viongozi.

Hata hivyo, tazameni waliokaa nyuma yake: wanamuziki wake mashuhuri, akina Mbaruku na Maalim Shaaban, walikuwa wanaume. Jamii ilimruhusu mwanamke aimbe. Kushika udi, ala ya nyuzi ya taarabu, mbele ya watu lilikuwa jambo jingine. Vyama vya wanawake vilivyofuata, kama Royal Air Force na Navy, vilishindana vikali kwa mashairi na sare za kanga, lakini mwiko wa ala ulibaki.

Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, mwimbaji mwingine wa Unguja, alikuwa na ngoma yake. Alipiga msondo katika unyago, akiwafunda wasichana mambo ya unyumba, na huko hakukuwa na mwanamume wa kumkataza. Alivuta sigara hadharani, akaimba Ulaya na Ujapani akiwa bibi mzee, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya muziki ya WOMEX. Alifariki Aprili 2013. Wengi walimsifu kwa ujasiri wake. Wachache walisema kwamba ujasiri huo ulilelewa ndani ya unyago, ndani ya elimu ya wanawake wenyewe.

Huko Tanzania Bara, miaka ya tisini ilileta mipasho, taarabu ya kurushiana vijembe. Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano walirushiana maneno jukwaani, na kina mama wakajazana kutunza. Wakosoaji walilalamika kuwa ni matusi. Nadhani kilichowaudhi zaidi ni kuona wanawake wakigombana hadharani, kwa fedha yao, juu ya mambo yao.

Mwiko wa ala ulianza kuvunjika Unguja. Mwaka 2009 Mariam Hamdani aliunda Tausi, kundi la wanawake wanaoimba na kupiga fidla, udi na ganuni wenyewe. Dhow Countries Music Academy, chuo kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kinafundisha wasichana ala hizo hizo. Miongoni mwa waliopitia hapo ni Amina Omar, anayejulikana kama Siti Amina, ambaye katika Siti and the Band huimba huku akipiga udi.