Sikio la Mtoto wa Kariakoo

Wako waaminio kwamba mwanamuziki mwenye sauti yake mwenyewe huzaliwa nayo. Mimi, niliyetumia sehemu kubwa ya umri wangu kufundisha walimu, sikubaliani nao. Sauti hukusanywa utotoni, haba na haba, na wengi wetu hukomea kwenye kukusanya.

Mfano wangu ni Marijani Rajabu, "Jabali la Muziki", aliyezaliwa Kariakoo mwaka 1955. Jina la mahali penyewe ni la kuazima: latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wenyeji walilitamka kwa ndimi zao mpaka likawa la Kiswahili.

Mtoto wa Kariakoo ya siku hizo alisikia nini? Alfajiri aliamshwa na adhana; chuoni alirudia aya pamoja na wenzake, na mwalimu hakukubali herufi imezwe. Ngoma za Wazaramo zilivuma uwanjani. Mjini vilikuwapo vilabu vya taarabu, Al-Watan na Egyptian. Pale Mnazi Mmoja, dansi ilichezwa ukumbi wa Arnautoglu. Santuri za Kuba zilikuwa zimetangulia, kisha zikaja za Kongo, za akina Franco na Tabu Ley. Sisi tuliokuwa vijana tulikariri Kilingala tusichokielewa hata neno.

Bendi nyingi zilipita njia hiyo hiyo ya Kongo. Marijani naye, akiwa na Safari Trippers mwanzoni mwa miaka ya 1970 na baadaye Dar International, hakuyatupa magitaa hayo. Alichobadilisha ni mdomo. Tazama majina ya nyimbo zake: Georgina, Zuwena, Masudi, Mwanameka. Ni majina ya watu, kama wale tuliopishana nao Mtaa wa Msimbazi. Aliimba kama jirani anayekusimulia jambo barazani, na kila neno likasikika. Nadhani ule utamkaji safi ni deni la chuoni, ingawa ulitumika kwenye dansi.

Alifariki Machi 1995, akiwa na miaka 40 tu. Hakuacha mali ya kulingana na jina lake. Enzi hizo kanda zilirudufiwa madukani, na mtunzi asipate senti. Hilo ndilo linaloniuma: mji ulimlea, ukamsikiliza, ukacheza, kisha ukasahau kulipa.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mjukuu wako akiiga nyimbo za watu, usimkemee. Kuiga ndiyo darasa la kwanza. Msikilizishe mengi, umtamkishe maneno vizuri, kisha muulize jirani yake anaitwa nani na amepatwa na nini. Na siku atakapoimba jibu lake, mlipe.