Nyumba ya Mambo Msiige na Mlango Wake

Katika Jubilei hii wengi watasimulia habari za Kanisa Kuu la Mkunazini, lililosimamishwa mahali pa soko la watumwa, nalo lastahili kusimuliwa. Lakini kabla ya Mkunazini palikuwa na Shangani, na kabla ya kanisa palikuwa na nyumba ya kukaa watu, ambayo Misheni haikuijenga. Nyumba hiyo yaitwa Mambo Msiige. Nataka kueleza jinsi ilivyogeuzwa kazi mara kwa mara, kutoka maskani hata ofisi, na jambo tunaloweza kujifunza kwayo.

Karibu ya mwaka 1850 Mwarabu tajiri wa kabila la Harthi aliijenga ukingoni mwa bahari, iwe maskani yake na jamaa zake. Wazee husema kwamba mayai maelfu yalichanganywa na chokaa ili kuta ziwe imara, na kwamba gharama ilikuwa kubwa hata jina lenyewe likawa onyo: mambo haya, msiige. Kama habari ya mayai ni kweli au ni hadithi, kuta zenyewe zimedumu.

Sisi wa Paje hatuhitaji kufundishwa nyumba ya namna hiyo hujengwaje, maana mawe ya matumbawe twayajua, na kuchoma chokaa twakujua. Mawe ni yale yale na chokaa ni ile ile. Kuta za mjini ni nene zaidi tu. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na boriti ndiyo hupima chumba. Kwa kuwa mti wa mkoko haupatikani kwa urefu wowote tupendao, chumba huwa chembamba, upana wake kama pima mbili hivi, bali urefu wake waweza kwenda mbali. Vyumba hivyo virefu hupangwa kuuzunguka ua. Basi nyumba iliyokusudiwa wake na watoto na wageni yafaa pia kwa makarani, kila mmoja na meza yake na mlango wake. Ndiyo sababu nyumba nyingi kubwa za Mji Mkongwe ziliweza kuwa ofisi pasipo kubomolewa.

Mwezi wa Agosti, mwaka 1864, Askofu Tozer alifika Unguja pamoja na Dakta Steere, baada ya Misheni ya Vyuo Vikuu kuziacha nchi za mto Zambezi. Mambo Msiige ikawa makao ya Misheni. Mwaka ule ule Seyyid Majid alimpa Askofu watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Watoto wale hawakuulizwa kama wapenda kwenda. Walitolewa kama zawadi itolewavyo, nasi tusilifiche hilo kwa sababu ya furaha ya Jubilei. Walakini ndio walioanza shule yetu. Wawili wao, John Swedi na George Farajallah, walifanywa mashemasi wadogo mwaka 1870, na John Swedi akawa shemasi kamili mwaka 1879. Dakta Steere naye alikuja na mtambo mdogo wa kupiga chapa, akawafundisha vijana kazi yake, huku akiandika Kiswahili alichokisikia vinywani mwa watu wa Unguja.

Yafaa tukumbuke, basi, kwamba wa kwanza kuigeuza nyumba ile tulikuwa sisi. Mwenyewe aliikusudia jamaa yake. Ikawa shule na makao ya mapadre. Mtu wa Misheni asiwalaumu wengine kwa kugeuza tu.

Mwaka 1874 Misheni iliiacha, kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha kukua Kiungani, Mbweni na Mkunazini. Akaingia Balozi wa Kiingereza, Dakta John Kirk, na maskani ikawa ofisi ya ubalozi. Siku hizo watumwa waliokamatwa baharini na manowari za Kiingereza walifikishwa mbele ya ubalozi, wakapewa hati za uhuru, na wengi wao wakapelekwa kwa Misheni, Mbweni. Kwa hiyo huenda wako miongoni mwa wasomaji wa kitabu hiki ambao bibi wa bibi zao walipata karatasi yao ya uhuru katika ofisi ile.

Ubalozi ulidumu hata mwaka 1913, Unguja ilipotolewa katika mikono ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na kutiwa chini ya Wizara ya Makoloni. Kisha, tangu 1918 hata 1924, nyumba ikawa hospitali ya Wazungu. Tazameni ajabu yake: wakati wa ofisi, mtumwa aliingia akatoka huru, wakati wa hospitali, ambayo ni kazi ya rehema, Mwafrika mgonjwa hakuwa na kitanda humo. Ukuta ulikuwa ule ule. Baada ya hapo ikawa ofisi za Serikali, na baada ya Mapinduzi ya 1964 iliendelea hivyo miaka mingi. Mwaka 2015 ilifunguliwa kuwa hoteli, na jengo jipya limeongezwa ubavuni mwake, penye uwanja wa wazi wa pwani. Kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, Kamati ya UNESCO iliona wasiwasi juu ya ujenzi huo, na watu wa mji walinung'unikia uwanja wao.

Mtu atasema: afadhali nyumba ibaki kama alivyoikusudia mjenzi. Namjibu kwa Beit al-Ajaib. Seyyid Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa sherehe zake; mwaka 1911 ikageuzwa ofisi kuu za Serikali; baadaye ikawa nyumba ya makumbusho. Haikuangushwa na makarani wala na wageni. Maji yaliingia, boriti na sakafu zikachoka, na mwaka 2012 sehemu yake ilipoanguka, makumbusho yakafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati mafundi wakiitengeneza, upande wa mbele ulianguka na watu wawili wakafa. Ilikuwa Siku Kuu ya Kuzaliwa kwa Bwana, siku ile ile ambayo mwaka 1873 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa letu. Nyumba haifi kwa kugeuzwa kazi. Hufa kwa kukosa mtu wa kupanda darini kuziba tundu la mvua.

Kwa hiyo maswali mawili yatosha kila nyumba inapogeuzwa: ni nani atakayeitunza, na ni nani atakayefungiwa nje. La kwanza twaweza kumwuliza fundi. La pili hatuna budi kujiuliza wenyewe, maana Dayosisi nayo ina nyumba za kale, na moja yao pale Mkunazini, iliyokuwa hospitali ya Misheni, leo hupokea wageni wa kulala.

Hapa Paje sasa yainuka majengo ya ghorofa, ambayo vyumba vyake huuzwa kimoja kimoja kwa watu wa mbali. Wenye kuyajenga wamekusudia maskani. Yule Mharthi naye alikusudia maskani, wala hakujua habari za Askofu, wala za Balozi. Baada ya miaka mia majengo haya huenda yakawa ofisi, au shule, au magofu. Hilo hatuwezi kuliamua. Lakini njia ya kwendea pwani, ambayo kina mama hupita wakienda kwenye mwani maji yakitoka, hiyo yaweza kuamuliwa leo, kabla ukuta haujasimama. Ndugu zangu, tuiombee nchi yetu, na tena tuhudhurie mikutano ya shehia yetu, tuseme hayo maadamu twaulizwa.