Kimeta: Kwa Nini Ukavu Pekee Hausafishi Ardhi

Kimeta ni ugonjwa unaosababishwa na bakteria aitwaye Bacillus anthracis. Huwapata ng'ombe, mbuzi, kondoo, wanyamapori na binadamu. Bakteria huyo akikosa lishe nje ya mwili wa mnyama hugeuka kuwa spora, yaani umbo lililolala lenye ganda gumu, linaloweza kudumu udongoni kwa miaka mingi.

Ndani ya spora, maji ni asilimia 25 hadi 50 tu ya uzito wa kiini, na vinasaba vimefunikwa na protini ndogo zinazovikinga. Kwa sababu hiyo, ukavu wa kawaida hauidhuru spora kwa urahisi.

Ukavu uliokithiri, hata hivyo, huondoa hata maji machache yaliyoshikamana na vinasaba. Hapo nyuzi za vinasaba hubadilika umbo, hukatika, au hunasana na protini. Kwa kuwa spora imelala, haiwezi kujitengeneza, hivyo madhara hulimbikizana kadiri muda unavyopita.

Spora inapopata unyevu na lishe huamka, na vimeng'enya vyake huanza kuunga nyuzi zilizokatika. Madhara yakizidi uwezo huo, bakteria hufa; yasipozidi, huishi na kuzaliana.

Uimara huo ulidhihirika katika spora za Bacillus subtilis, bakteria wa jenasi hiyohiyo asiye na madhara makubwa kwa binadamu. Chombo cha Marekani kiitwacho LDEF kilizipeleka angani mwaka 1984 na kurejeshwa mwaka 1990. Baada ya takriban miaka 6 mahali pasipo na hewa wala unyevu, sehemu ya spora zilizokingwa dhidi ya mionzi ya jua zilikuwa bado hai.

Kwa msingi huo, malisho yaliyowahi kupata kimeta hayawezi kuhesabiwa kuwa salama kwa sababu tu ya kiangazi kirefu. Wafugaji wanashauriwa kuchanja mifugo kila mwaka katika maeneo yenye historia ya ugonjwa, na kutoa taarifa kwa afisa mifugo mnyama anapokufa ghafla. Mzoga usipasuliwe, usichunwe wala kuliwa, kwani hewa inapoingia ndipo bakteria hutengeneza spora. Uzikwe au uteketezwe chini ya usimamizi wa mtaalamu.